Kabla Sijakupa Ufunguo

Kaa kwanza, Anyosisye. Ukungu wa Isyonje hauna haraka,
na viazi vya shangazi yako havitaoza kwa robo saa.
Pikipiki hii si kama ile ya baba yako uliyojifunzia,
ile ya breki za waya, iliyolia kama mlango wa ghala.
Hii, ukikanyaga nyuma, mbele nako kunasikia.

Usicheke. Nami nilicheka
siku fundi Asangalwisye wa Uyole alipochuchumaa,
akafuata kwa kidole chenye grisi bomba jembamba
linalotoka kwenye pedeli, likapita chini ya tangi,
likaenda mpaka gurudumu la mbele.
"Mguu wako," akasema, "umepewa mkono usioujua."

Sisi tulilelewa kuiogopa breki ya mbele.
Kijiweni kila mtu ana hadithi yake:
fulani aliishika, akaruka juu ya usukani,
akazindukia kwenye migomba ya watu.
Basi tukawa watu wa mguu wa kulia tu,
soli ya kiatu kimoja ikiisha kabla ya mwenzake.
Na tairi la nyuma, mteremko wa Kiwira,
ni mtu mmoja anayezuia ng'ombe kwa mkia.

Sasa sikia. Ukifunga breki, uzito wote unahamia mbele:
gunia, wewe, hata mawazo uliyopakia.
Shokapu zinainama kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili,
na la nyuma linabaki jepesi,
linaigusa lami kwa adabu tu.
Kumbe nguvu iko kulekule tulikokatazwa.
Hilo bomba linapeleka fungu dogo huko,
si lote. Lililobaki umeachiwa mkononi.
Liombe kwa vidole viwili. Usilikabe.

Lakini isikudanganye.
Ukigeuza pale sokoni, mwendo wa kinyonga, usukani umeukunja,
usikanyage kwa pupa: la mbele litashika, utalala
mbele ya akina mama wa ndizi.
(Mimi, mara mbili. Ya pili nilikuwa na trei za mayai.)
Kwenye udongo mwekundu uliolowa,
shusha gia kabla hujashusha mguu,
acha injini ikokote, kisha gusa, gusa.
Na siku pedeli ikibonyea kama parachichi lililoiva,
rudi nyumbani kwa miguu. Upepo umeingia kwenye bomba,
utakunyima nyuma na mbele kwa pamoja.

Kuna vijana Mwanjelwa watakuambia wakukatie hilo bomba,
uwe huru. Elfu kumi na tano, nusu saa.
Nilikwishatoa hela mfukoni. Mvua ikaanza,
nikasema, kesho.

Usiku huohuo, kona ya chini ya mikaratusi,
lori la magogo limezimika, halina taa,
wameweka majani tu barabarani, nayo yameshapondwa.
Mkono wangu uliganda.
Mguu ukakanyaga peke yake, kwa woga wa zamani,
kama tulivyozoea.
Na mbele kukasikia.
Nilisimama nikinusa utomvu wa magogo.

Sisemi haya ili nimtaje baba yako.
Yeye alikuwa na waya, na mguu,
na kona ileile.

Haya. Zunguka kwanza uwanja wa shule,
kanyaga taratibu, uone pua inavyoinama,
kisha ongeza mkono, uone inavyotulia.
Mara kumi. Ukichoka, tena.
Kofia hiyo ifunge kidevuni, si kichwani tu kama chungu.
Na mwambie shangazi yako madebe ni sita.
La saba tumelila.